Shukrani za Mama Mireille

Kila Jumapili baada ya Sylvestre kupigwa, mke wake alisimama kanisani kutoa shukrani.

Henriette alikuwa hadanganyi. Alitembea mpaka mbele ya ule ukumbi wa shule pale Perry Barr, Birmingham, ambao kanisa lao liliukodi kila wiki, akatia bahasha yake kapuni, akashika kipaza sauti na kusema maneno yaleyale: "Bwana asifiwe. Nashukuru Mungu. Jana mume wangu alipigana, na amerudi nyumbani mzima." Waumini wakaitika amina, vigelegele vikapigwa, naye akarudi kitini kwake. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Sylvestre alikuwa amekwenda Swindon, au Bolton, au Glasgow, akapigana raundi nne na kijana anayeinukia, akashindwa kwa pointi, akalipwa, akarudi. Mwanamke aliyekimbia risasi Uvira, kule Kongo, na mtoto mgongoni haoni ajabu kumshukuru Mungu kwa sababu mtu amerudi.

Lakini nani amewahi kusikia mtu akitoa sadaka kwa kipigo? Kanisa likajijazia lenyewe yale ambayo Henriette hakuyasema. Wazee wakaanza kumwita Sylvestre Champion. Watoto wakamwomba awaonyeshe mkono wa kulia. Mchungaji Arsène alipohubiri habari za Daudi na Goliathi, alimnyooshea kidole pale nyuma alipokaa, naye Sylvestre akainamisha kichwa na kucheka kimyakimya, watu wakasema tazama unyenyekevu wa mtu yule. Mwanzoni Henriette alitaka kuwasahihisha. Wiki ikapita, na nyingine, na utamu ukamwingia. Yeye alikuwa mfagizi katika hospitali moja ya Edgbaston, mahali ambapo watu humpita na ndoo yake bila kujua kama ana jina. Kuitwa mke wa Champion mara moja kwa wiki kulimpendeza sana, na tusimlaumu haraka.

Kazi yenyewe ya Sylvestre ilikuwa hivi. Kwenye kila pambano dogo la ngumi Uingereza kuna mwenyeji na kuna mgeni. Mwenyeji ana picha yake kwenye bango, anawauzia tiketi binamu zake na watu aliosoma nao, na hao wamelipa ili wamwone akishinda. Mgeni hupigiwa simu, pengine siku tatu tu kabla, akaja na begi lake na kocha wake, hana hata shangazi mmoja ukumbini. Hakuna anayemwambia ashindwe. Hilo ni kosa, na Sylvestre asingelikubali. Lakini mgeni anayewaaibisha vijana wa watu haitwi tena, na mgeni anayeangushwa akapoteza fahamu huzuiwa na madaktari kupigana mwezi na zaidi. Kwa hiyo ustadi wa mgeni ni kutoshinda na kutoanguka, wiki baada ya wiki, na kwa ustadi huo hakukuwa na wengi Birmingham nzima wa kulingana na Sylvestre.

"Mimi ni kama yule mutu anawatahini madereva," alipenda kumwambia binti yake. "Anakaa pembeni, anaangalia mutoto anaendesha namna gani. Umeshaona mtahini anashindana na dereva?"

Aliipenda kazi yake, na nyumbani mwao kulikuwa na amani. Balaa lililetwa na harusi.

Mumbua, Mkamba wa Machakos, alikuwa mweka hazina wa akina mama na msimamizi katika ghala moja kubwa, jambo ambalo hakumruhusu mtu alisahau. Alikuwa akimtafutia binti yake ukumbi wa harusi. Jumapili moja, ibada ilipokwisha, alimshika Henriette mkono hapo mlangoni, mbele ya mchungaji.

"Haiya, Mama Mireille, kumbe unatuficha! Nimeenda kuulizia ile hall ya harusi hapa chini, wakaniambia Jumamosi ijayo wako na boxing. Si ni Baba Mireille?"

Henriette angeweza kusema hajui. Sylvestre alikuwa amepigiwa simu usiku uliotangulia tu, na jina lake halikuwa hata kwenye bango. Lakini watu watano walikuwa wamekwisha kugeuka kumtazama, na mdomo ukatangulia.

"Njo yeye," akakubali.

"Mais c'est formidable!" Mchungaji Arsène akapiga makofi. "Miaka yote anapigana mbali, sasa Mungu amemuleta hapa kwetu. Tutaenda kanisa lote. Na chorale iimbe. Na ngoma."

Tiketi zilikuwa za kununuliwa kwa mwenyeji, kijana mmoja aitwaye Kulwinder, mwana wa mwenye duka la vitambaa barabara ileile ya ukumbi. Namba yake ilikuwa kwenye bango. Kijana alishangaa kuona Wakongomani na Wakenya wanampigia simu mmoja baada ya mwingine, lakini biashara ni biashara. Siku ya pili alikuja mwenyewe na gari lake mpaka nyumbani kwa mchungaji, akagawa tiketi, akamshukuru kila mama kwa kuunganisha viganja vyake viwili. Mumbua alisema yule mtoto amelelewa vizuri. Hakuna aliyeuliza kwa nini tiketi za kumshangilia Sylvestre zinauzwa na mtu atakayepigana naye. Kanisa zima lilikuwa limemchangia kijana wa watu mshahara wake, tena kwa furaha.

*

Jumatatu jioni Henriette alikuwa akipika sombe, yale majani ya muhogo, na ndagala. Sylvestre hakuruhusiwa kula vya maana mpaka apimwe uzito Ijumaa, basi alikaa mezani akitafuna tango na kunusa. Nje, ng'ambo ya paa za nyumba za Winson Green zilizobanana, taa za gereza zilikuwa zimewashwa. Mireille, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alikuwa amekaa kwenye ngazi na simu yake.

"Baba Mireille."

"Eh."

"Samedi ushinde," mkewe akasema, yaani Jumamosi ile.

Sylvestre akacheka. "Nishinde nani?"

"Yule kijana."

"Yule kijana ameuzisha ukumbi muzima. Hata Pasteur amelipa ili amuone akishinda, ni vile tu hajui." Akacheka tena, kisha akaona mkewe hacheki. Akaliweka tango chini.

"Sichezi," Henriette akasema. Alizidi kukoroga sombe ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Miaka yote sijakuomba kitu juu ya hii kazi. Sikukukataza, sikukusumbua. Naomba mara moja. Watu wangu wote watakuwa pale. Nitakaa namna gani katikati yao, wakuone ukishindwa?"

"Si uwaambie tu ukweli mbele?"

"Nianzie wapi?"

Mireille akajibu kutoka ngazini, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Alisema shuleni kwao kila mtu anajua, rekodi ya baba iko kwenye mtandao, na hakuna anayemcheka. Kuna mwalimu wa michezo anayemheshimu sana.

"Nyamaza, hii ni maneno ya wakubwa," mama yake akasema.

"Ukweli nikimupiga huyu," Sylvestre akasema polepole, "Jasvir hataniita tena." Jasvir ndiye aliyekuwa mwandaaji wa mapambano, na kwa Sylvestre alikuwa kama mwajiri. "Na wengine watasikia. Lundi simu haitalia, mardi haitalia, wiki nzima haitalia. Nina miaka thelathini na saba, Henriette. Kazi ingine ninayoijua ni ya kubeba makarto ya mizigo, na uliona mgongo wangu ulisema nini."

Alimwita kwa jina lake mara chache sana. Henriette alijua hapo ndipo mahali pa kuacha. Lakini aliziona zile nyuso za akina mama, akamwona Mumbua akiinamia sikio la jirani yake, na aibu ambayo haijampata bado ikamchoma kama imekwisha kumpata.

"Utapata zingine," akasema. "Mara moja tu."

Sylvestre alimtazama, kisha akatazama mikono yake. "C'est bon," akasema. "Nitajaribu."

Henriette alikuwa amepata alichotaka. Akampakulia Mireille, akajipakulia mwenyewe, na chakula kikamshinda.

*

Jumatano Korane alibisha hodi. Alikuwa Msomali wa Garissa, mwenye ukumbi mdogo wa mazoezi juu ya gereji ya matairi karibu na gereza, na ndiye aliyekuwa kocha wa Sylvestre tangu siku ya kwanza. Alivua viatu mlangoni, akapokea chai, akaizungusha kikombeni muda mrefu.

"Shemeji, nataka kukuuliza kitu, na usinikasirikie. Umemwambia nini huyu mtu?"

"Amekwambia nini?"

"Hajaniambia kitu. Lakini jana anarusha ngumi kama kijana wa miaka ishirini. Mimi namwambia funga, yeye anafungua. Wallahi, nimechukua miaka nikimfunza asipigwe. Ukirusha mkono, uso unabaki wazi. Hiyo ndiyo boxing, hakuna siri ingine."

"Mara moja tu, Korane."

"Kwani ako na kichwa ngapi?"

Hasira ikamjia Henriette, kwa sababu alikuwa ameambiwa kweli. "Weye unasema vile juu haukai kanisani kwetu."

Korane akacheka kidogo. "Hiyo nakubali. Lakini msikitini nakaa, na watu ni walewale." Akamaliza chai, akavaa viatu. Mlangoni akageuka, akasema yeye atafanya kazi yake kwenye kona, na Mungu atafanya yake, halafu akaondoka.

Alhamisi adhuhuri, akirudi kutoka zamu ya asubuhi, Henriette alimwona Mumbua kituo cha basi. Alikuwa amekaa na koti lake la ghala lenye neno la usimamizi mgongoni, akiyaacha mabasi yapite.

"Leo hamna kazi?" Henriette akamuuliza.

"Aa, niko break," Mumbua akajibu haraka. "Na ujue kitenge cha choir kimefika. Kijani na manjano. Jumamosi tutawaonyesha." Ghala lenyewe lilikuwa mbali na pale, mabasi mawili kwenda. Wakati mwingine Henriette angeliuliza zaidi, lakini wiki ile alikuwa na lake, akaagana naye na kwenda zake.

*

Ukumbi ulikuwa wa harusi kweli: viti vya dhahabu, taa za vioo zinazoning'inia, na katikati, mahali ambapo maharusi hukatia keki, ulingo. Upande mmoja walijaa jamaa za Kulwinder, wazee wenye vilemba, wasichana waliopambwa, na vijana wawili wenye madhol, zile ngoma kubwa za Kipunjabi zinazovaliwa shingoni. Upande wa pili likaingia kanisa. Mlinzi alikataa ngoma yao. Mchungaji Arsène akamwonyesha kwa kidole yale madhol ndani, wala hakusema neno, na mlinzi akawapisha.

Henriette hakuwa amewahi kumwona mumewe akipigana. Hakutaka kamwe, na Sylvestre hakumshawishi. Sasa aliketi mstari wa tatu, Mumbua kushoto, Mireille kulia, mikono imeshika pochi.

Mgeni huingia kwanza, tena bila muziki. Ndiyo desturi. Sylvestre alitokea mlango wa pembeni na Korane nyuma yake, kwenye ukimya, akitembea kama mtu anayekwenda kukinga maji, na kanisa likaduwaa.

"Hawamwekei hata wimbo?" Mumbua akauliza. "Hawa watu wako na tabia gani?"

Akainuka. Akaanzisha yeye mwenyewe, kwa sauti yake nzito, na kwaya ikampokea, na ngoma ikaingia. Sylvestre akasimama katikati ya njia. Katika miaka yote ile ya Swindon na Bolton hakuna mtu aliyewahi kumwimbia akiingia. Alitazama vile vitenge vya kijani na manjano, mdomo wazi, mpaka Korane akamsukuma mgongoni, na nusura akose ngazi ya ulingo. Henriette alilia hapohapo, kabla hata ya ngumi moja kurushwa.

Kisha madhol yakalia, Kulwinder akaingia na moshi na mataa. Mtangazaji akamtaja kwa mbwembwe, ushindi wake wote sita. Alipofika kwa Sylvestre alitaja jina na mji tu. Rekodi aliiruka, kwa adabu ya kazi, na Henriette akamwombea baraka mtu yule.

Raundi ya kwanza ilipita na Henriette hakuielewa. Kijana alirusha ngumi nyingi, na kwa kila moja upande wake ulipiga kelele. Sylvestre alikuwa kama hayupo zinapofika: zilitua kwenye bega, kwenye glavu, kwenye kiwiko. Mara akamkumbatia kijana, wakazunguka, akamnong'oneza kitu, akamwachia. Alikuwa anatabasamu.

"Anamchezea!" Mumbua akasema kwa furaha. "Ona, anamchezea tu. Anangoja."

Raundi ya pili Sylvestre akabadilika. Alitoka konani akiwa hatabasamu tena. Kijana alipojileta kwa pupa, mkono wa kulia wa Sylvestre ukapita katikati ya glavu zake na kutua usoni, na damu ikamtoka Kulwinder puani. Kanisa likaruka. Viti vya dhahabu vikaanguka. Henriette alijikuta amesimama, amepaza mikono, na nitasema kweli, alifurahi kuliko alivyowahi kufurahi tangu ashuke uwanja wa ndege wa nchi hii. Mume wake alikuwa anashinda mbele ya watu.

"Mmalize!" Mumbua akapiga kelele. "Champion, mmalize!"

Sylvestre akaenda kummaliza. Akafungua mkono wa kulia tena, mpana zaidi, na ngumi ya kijana, ya kushoto, iliyorushwa kwa woga kuliko kwa ustadi, ikamkuta kidevuni.

Hakuanguka. Magoti yalilegea, akayakaza. Lakini uso wake ulikuwa umegeukia upande wao, na Henriette akauona. Alikuwa na sura ya mtu aliyeingia jikoni akasahau amefuata nini. Ilikaa kitambo kifupi tu. Miaka yote ile, kila alipofungua mlango, huyu mtu aliingia akiuliza kama kuna chakula, akataja jina la mtoto, akakumbuka mahali funguo zilipo, naye Henriette akalala. Sura ile hakuwa ameiona hata siku moja. Na ni yeye aliyeiomba.

Kengele ikamwokoa. Konani Korane alipiga magoti akisema haraka haraka. Sylvestre alikuwa hamsikilizi. Alikuwa akimtafuta mkewe kwa macho juu ya kamba, na alipompata alitikisa kichwa kidogo, kama kumwambia usijali, nimekuahidi. Kisha akainuka kwa raundi ya tatu, na mikono yake ilikuwa chini, tayari kurusha.

Henriette alipanda juu ya kiti.

"Baba Mireille!" Sauti ilimtoka asiyoijua. "Acha! Fanya kazi yako! Kazi yako ya siku zote!"

Mumbua alimvuta sketi. "Unamwambia nini? Si yuko karibu kushinda!"

"Kazi yako, Sylvestre!"

Upande wa jamaa za Kulwinder hakuna aliyeelewa, kwao ilikuwa mwanamke mmoja Mwafrika anashangilia. Korane alielewa. Alifumba macho na kusema alhamdulillahi. Na Sylvestre alisikia, kwa sababu mabega yake yalishuka, viwiko vikarudi mbavuni, na lile tabasamu likarudi usoni.

Hapo ndipo Henriette alipoanza kuona. Aliona mguu wa mumewe ukihama kidogo tu, na ngumi ikapita. Aliona bega linavyoinuka kabla mkono wa kijana haujaondoka. Aliona anavyomkumbatia pale hasa kijana alipotaka kurusha nyingi, na anavyomgeuza taratibu mpaka taa zimwingie machoni. Kijana alikuwa na nguvu za ng'ombe na alitoka jasho kwa kupiga hewa. Henriette alisafisha vyumba kumi na viwili kila siku bila mtu kuona ila pale panapobaki uchafu, akaijua kazi nzuri alipoiona. Raundi ya nne aliitazama yote akiwa juu ya kiti, na kama wangelimpa raundi kumi zaidi angelitazama.

Kengele ya mwisho ikalia. Kwaya ikaanza kuimba wimbo wa ushindi bila kungoja. Refa akauinua mkono wa Kulwinder. Alikuwa ameshinda kwa pointi moja.

Wimbo ukafa sauti moja moja. Wa mwisho kunyamaza alikuwa mpiga ngoma, aliyekuwa ameinamia ngoma yake na hakuona kitu.

Ulingoni Kulwinder, na pamba puani, alikuwa amemshika Sylvestre kwa mikono miwili na hakutaka kumwachia. Baba yake, yule mwenye duka la vitambaa, alipanda akamshika Sylvestre mkono, akauweka kifuani pake. Jasvir alimngoja chini ya ngazi na kumwambia maneno machache, na Mireille aliyekuwa amesogea karibu aliyasikia na kumletea mama yake: anamtaka kwa pambano la Walsall, wiki mbili zijazo.

*

Nje, kwenye maegesho, watu wa kanisa walikuwa wakiaga kwa sauti za msibani. Mchungaji Arsène alisema mambo ya refa yanajulikana. Wengine wakasema ni wizi mtupu. Henriette angeweza kuliacha hapo, likaitwa wizi, na Jumapili nyingine ikaja. Mumbua akamvuta kando.

"Mama Mireille, ni kweli ameibiwa?"

"Hapana. Ameshindwa."

"Sawa. Hata wakubwa hushindwa mara moja."

"Na zile zingine pia."

"Zingine zipi?"

"Zote unazijua. Swindon, Glasgow. Imepita mara sabini."

Mumbua akamtazama kama anayesubiri mwenzake acheke. "Zote?"

"Alishinda tatu. Moja, yule mutu alikuwa mgonjwa."

"Na hizo Jumapili zote," Mumbua akasema, na sauti yake haikuwa na dhihaka, ilikuwa na mshangao mtupu, "ulikuwa unashukuru nini?"

Henriette alifungua mdomo. Wakati uleule Sylvestre akatoka mlango wa nyuma na begi lake, jicho moja limevimba kidogo, nywele zimelowa, akaangaza huku na huku. Akamwona. "Kuna sombe ilibaki?" akauliza. Henriette akamkimbilia kama msichana, na swali la Mumbua likabaki hapo kwenye maegesho.

*

Habari za vile vipigo sabini zilikuwa zimefika kanisani kabla yao. Jumapili ile hakuna aliyemwita Sylvestre Champion. Watu waliwasalimu kwa upole mwingi, ule wa kusalimia wagonjwa, na Sylvestre akaenda kukaa nyuma kama kawaida, na jicho lake.

Ulipofika wakati wa shukrani, Mchungaji Arsène alisitasita. Alitazama kwenye karatasi zake, akakohoa, akasema kwa vile muda umekwenda pengine tupite moja kwa moja kwenye neno. Henriette alikuwa amekwisha kusimama. Kutoka kiti chake mpaka mbele kulikuwa mbali kuliko Jumapili zote. Akatia bahasha kapuni, akashika kipaza sauti.

"Bwana asifiwe," akasema. "Nashukuru Mungu. Jana mume wangu alipigana, na amerudi nyumbani mzima."

Hakuongeza neno. Akasimama pale. Hakuna aliyeitika. Maneno yalikuwa yaleyale waliyoyaitikia miaka nenda rudi, na sasa ilibidi wayasikie.

Kiti kilikwaruza sakafu. Mumbua alikuwa amesimama, kitenge chake cha kijani na manjano kimefungwa vibaya, mkoba kifuani. Alikuja mbele, yeye ambaye kama mweka hazina siku zote alihesabu sadaka tu, hakutoa ushuhuda. Akachukua kipaza sauti mkononi mwa Henriette. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu alionekana hajui pa kuanzia.

"Mimi pia niko na shukrani," akasema. "Jumanne nilifutwa kazi. Tumefutwa wengi, lakini na mimi nimo. Sijaambia mtu. Kila asubuhi navaa lile koti, naenda nakaa stage ya basi, narudi." Akakumbatia mkoba wake. "Jumanne nimefutwa kazi, na nikarudi nyumbani. Nashukuru Mungu."

Henriette alimshika kiuno. Nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu mmoja mwenye jicho lililovimba akainuka na kuanza kupiga makofi, taratibu, kama mtu anayeijua kazi akiwa ameiona imefanywa vizuri.